Sinki la Binafsi au Sinki la Umma: Ulinganisho wa Masinki ya Kunawia kwa Jengo Linalohifadhi Maji

Anayechagua koki za masinki ya kunawia kwa ajili ya jengo linaloombewa cheti cha uhifadhi wa mazingira huanza kwa kawaida na katalogi ya muuzaji, akatafuta koki yenye lita chache zaidi kwa dakika, kisha akaiagiza kwa jengo zima. Njia hiyo inaonekana ya busara, lakini huruka swali linalopaswa kutangulia yote: je, sinki lenyewe ni la binafsi au ni la umma? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua koki ipimwe dhidi ya kiwango gani, na kwa hiyo ndilo linaloamua kama jengo limeokoa maji kweli au limeyaokoa kwenye karatasi tu. Naandika ulinganisho huu kwa sababu makosa mengi yanayokwamisha hesabu za maji hutokana na sinki kuwekwa katika kundi lisilo lake, wala si kwa sababu koki iliyonunuliwa ni mbovu.

Viwango viwili vilivyo mbali sana

Tuchukue viwango vya Marekani, kwa kuwa ndivyo vinavyotumiwa na LEED, mfumo wa kutoa vyeti kwa majengo yanayohifadhi mazingira, ambao unatumika hata nje ya nchi hiyo. Koki ya sinki la binafsi hulinganishwa na mtiririko wa galoni 2.2 kwa dakika, yaani lita 8.3, kwa presha ya psi 60 (pauni 60 kwa inchi ya mraba), ambayo ni takriban bar 4.1. Koki ya sinki la umma hulinganishwa na galoni 0.5 kwa dakika, yaani lita 1.9, kwa presha ileile. Koki inayojifunga yenyewe baada ya kutoa kiasi fulani cha maji haipimwi kwa dakika, bali kwa mzunguko mmoja, na ukomo wake ni robo galoni, yaani lita 0.95 kila inapobonyezwa. Kiwango cha binafsi ni zaidi ya mara nne ya kile cha umma, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata.

Chukua ofisi yenye wafanyakazi 100, kila mmoja akinawa mara tatu kwa siku, nusu dakika kila mara. Jumla ni dakika 150 za koki kuwa wazi. Kwa kiwango cha binafsi maji ni lita 1,245 kwa siku, na kwa kiwango cha umma ni lita 285. Sasa tuseme zimefungwa koki za lita 1.9. Aliyeyaita masinki hayo ya binafsi ataandika kwamba jengo limeokoa lita 960 kila siku, au asilimia 77. Aliyeyaita ya umma ataandika kwamba jengo halijaokoa hata lita moja, kwa kuwa limefikia tu kiwango ambacho kila jengo la aina hiyo linatakiwa kukifikia. Wa pili ndiye aliye sahihi. Akitaka kuonyesha akiba ya kweli, itambidi ashuke hadi koki ya lita 1.3 kwa dakika, ambayo katika ofisi hiyo itatumia lita 195 kwa siku na kuokoa lita 90, karibu asilimia 32. Akiba hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwenye karatasi, lakini ni maji ambayo kweli hayakutoka bombani.

Toleo la 4 la LEED linadai kila jengo lipunguze matumizi ya maji ya ndani kwa angalau asilimia 20 kutoka msingi wa kulinganishia kabla halijahesabiwa alama yoyote ya ziada katika eneo hilo. Masinki yakihesabiwa vibaya, asilimia hiyo inaweza kuonekana imefikiwa wakati vyoo na mifereji ya kuogea haijaguswa kabisa.

Kinachoamua ni mtumiaji, si mwenye mali

Neno "binafsi" hapa halihusiani na nani anamiliki jengo. Kampuni binafsi inaweza kuwa na masinki ya umma matupu, na hospitali ya serikali inaweza kuwa na masinki ya binafsi kadhaa. Kwa LEED, sinki la binafsi ni lile la makazi, la chumba cha mgeni wa hoteli, au la chumba cha mgonjwa hospitalini. Mengine yote ni ya umma: ya shule, ya ofisi, ya mgahawa, ya uwanja wa ndege, ya duka, ya ukumbi wa michezo. Kanuni za ufundi bomba zinazotumika Marekani zinaeleza jambo hilohilo kwa maneno mengine, kwamba sinki la binafsi limekusudiwa kutumiwa na familia au mtu mmoja, na la umma ni lile ambalo matumizi yake hayana kizuizi.

Hoteli ndiyo mfano bora wa jengo lenye makundi yote mawili chini ya paa moja. Sinki la chumba namba 204 ni la binafsi, na sinki la choo kilicho karibu na mapokezi ni la umma, hata kama mgeni wa 204 ndiye aliyenawa katika yote mawili asubuhi hiyohiyo. Jengo la fleti nalo liko hivyo: masinki ya ndani ya fleti ni ya binafsi, lakini la choo cha walinzi na wageni pale chini ni la umma.

Utata huja katika vyumba vya katikati. Choo kilichoambatana na ofisi ya mkurugenzi, chenye ufunguo mmoja, kinatimiza sifa ya "mtu mmoja" iliyomo katika kanuni za ufundi bomba, lakini hakimo katika orodha ya LEED. Ushauri wangu ni kukiweka katika kundi la umma na kukifungia koki ya lita 1.9, kwa sababu mkurugenzi akiwa ofisini hunawa mikono kama wafanyakazi wake. Hanyoi ndevu wala haogi hapo. Choo cha zahanati chenye sinki moja na mlango unaofungwa kwa ndani pia ni cha umma, kwani kufuli linamlinda aliyemo kwa dakika chache tu, na baada yake ataingia mwingine yeyote. Bweni la wanafunzi lenye bafu la pamoja kila ghorofa ni gumu zaidi. Watu ni walewale kila siku, na wanapiga mswaki, wananawa uso na kunyoa hapo, kwa hiyo matumizi ni ya nyumbani ijapokuwa mlango uko wazi kwa wengi. Katika hali ya namna hii, mhakiki wa cheti aulizwe mapema, kabla ya koki kununuliwa, na jibu lake litunzwe kwa maandishi.

Kwa nini sinki la nyumbani limepewa maji mengi zaidi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini koki za lita 1.9 zisifungwe hata majumbani, mjadala ukaisha. Sababu ni kwamba sinki la umma lina kazi moja, kusuuza mikono, na sinki la binafsi lina kazi nyingi, baadhi yake zikihitaji ujazo maalumu wa maji. Anayejaza beseni ili anyoe au afue kitambaa atatumia lita zilezile, koki iwe ya kasi au ya polepole. Kinachobadilika ni muda wa kusubiri.

Maji ya moto yanaonyesha jambo hili waziwazi. Bomba la shaba la milimita 15 linabeba takriban lita 0.145 kwa kila mita. Ikiwa mtungi wa kuchemshia uko mita 10 kutoka kwenye sinki, kuna karibu lita 1.45 za maji yaliyopoa zinazopaswa kutoka kabla ya moto kufika. Koki ya lita 8.3 itazitoa kwa sekunde 10 au 11, koki ya lita 5.7 kwa sekunde 15, na koki ya lita 1.9 kwa sekunde 46. Maji yanayomwagika ni yaleyale katika hali zote tatu, kwa hiyo koki ndogo haikuokoa chochote katika kusubiri, imemchelewesha tu mtumiaji. Katika choo cha umma, ambako mtu hunawa kwa sekunde chache, maji ya moto hayatamfikia kamwe kwa umbali huo. Nishati iliyotumika kuyapasha hubaki imepoa ndani ya bomba. Anayetaka maji ya moto katika masinki ya umma aweke hita ndogo chini ya sinki lenyewe, au aache kabisa maji ya moto pale sheria inaporuhusu.

Koki za sinki la binafsi

Hapa chaguo la kweli liko kati ya ngazi tatu. Ya kwanza ni lita 8.3, ambayo ndiyo msingi wenyewe na haileti akiba yoyote. Ya pili ni lita 5.7 kwa dakika, yaani galoni 1.5, ambayo ni ukomo wa nembo ya WaterSense ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani. Vigezo vyake vya koki za masinki ya binafsi vilitolewa mwaka 2007. Ya tatu ni lita 4.5, yaani galoni 1.2, ambayo jimbo la California lilianza kuidai kwa koki za masinki ya makazi Julai 2016.

Tukichukulia kwamba kila mkazi hufungua koki kwa jumla ya dakika tano kwa siku, ngazi ya kwanza inatumia lita 41.5, ya pili lita 28.5, na ya tatu lita 22.5. Hatua kutoka ya kwanza hadi ya pili inaokoa lita 13 kwa mtu, na kutoka ya pili hadi ya tatu lita 6 tu. Tena akiba halisi ni ndogo kuliko hesabu hiyo, kwa kuwa sehemu ya matumizi ni kujaza chombo.

Nembo ya WaterSense ina sharti jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, nalo mimi naliona la maana kuliko ukomo wenyewe. Koki haitakiwi kutoa chini ya galoni 0.8, karibu lita 3, presha inaposhuka hadi psi 20. Sharti hilo linamlinda mtumiaji wa ghorofa ya juu au wa mtandao dhaifu, maana koki iliyobanwa kupita kiasi humchosha mtu hadi akakifungua kichujio kilicho mdomoni mwa koki, kinachobana maji, na kukitupa. Kwa hoteli na fleti ambazo presha yake inabadilikabadilika, ningechagua lita 5.7. Kwa jengo lenye presha thabiti na hita iliyo karibu na bafu, lita 4.5 zinatosha bila malalamiko.

Koki za sinki la umma

Kundi hili ndilo lenye tofauti nyingi zaidi, kwa sababu hapa hatulinganishi mtiririko peke yake bali pia namna koki inavyofungwa. Jedwali hili linachukulia kunawa kwa nusu dakika, au mbonyezo mmoja pale panapohusika.

| Aina ya koki | Kipimo | Maji kwa kunawa mara moja |
|---|---|---|
| Ya kuzungusha, isiyobanwa | Lita 8.3 kwa dakika | Lita 4.15 |
| Ya kuzungusha, iliyobanwa | Lita 1.9 kwa dakika | Lita 0.95 |
| Ya kuzungusha, iliyobanwa zaidi | Lita 1.3 kwa dakika | Lita 0.65 |
| Ya kubonyeza, kwenye ukomo | Lita 0.95 kwa mbonyezo | Lita 0.95 |
| Ya kubonyeza, lita 1.9 kwa sekunde 10 | Lita 0.32 kwa mbonyezo | Lita 0.32 |

Mstari wa nne na wa tano unahitaji kutazamwa kwa karibu. Koki ya kubonyeza inaweza kutiririsha lita 5.7 kwa dakika na bado ikakubalika, mradi ijifunge baada ya sekunde 10, kwa kuwa itakuwa imetoa lita 0.95 tu. Kwenye karatasi iko sawa na koki ya lita 1.9 iliyofunguliwa nusu dakika. Matumizi hayako sawa. Anayenawa kwa sabuni hubonyeza mara moja kulowesha na mara ya pili kusuuza, na pengine mara ya tatu, na kila mbonyezo unatoa kiasi kamili hata kama alihitaji nusu yake. Mbonyezo wa pili wa koki hiyo unafikisha lita 1.9, ilhali mbonyezo wa pili wa koki ya mstari wa tano unafikisha lita 0.64. Kwa hiyo katika koki za kubonyeza tazama vipimo viwili kwa pamoja, mtiririko kwa dakika na muda wa kubaki wazi, wala usiridhike na maneno "inajifunga yenyewe". Muda wenyewe nao usifupishwe mno: kanuni za Marekani za majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu zinataka koki ya kubonyezwa kwa mkono ibaki wazi angalau sekunde 10.

Ubora mkubwa wa koki ya kubonyeza ni kwamba haiwezi kuachwa wazi. Katika shule, stendi au uwanja wa michezo, ambako koki ya kuzungusha inaweza kumwaga maji mchana kutwa bila mtu kujali, sifa hiyo peke yake inatosha kunifanya niichague.

Koki yenye kihisi hufunguka mkono unapokuwa chini yake na kufunga unapoondoka. Faida yake ya kweli ni kwamba maji husimama wakati mtu anasugua sabuni, kipindi ambacho wengi huiacha koki ya kawaida ikitiririka. Hata hivyo, kihisi kilichorekebishwa vibaya hufunguka mtu anapopita au anapoinama kujitazama kwenye kioo, na hapo akiba yote hupotea. Inahitaji umeme au betri, na betri ikiisha sinki halitumiki. Kuna pia suala la afya ambalo halipaswi kupuuzwa. Mwaka 2011 watafiti wa Hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani waliripoti kwamba bakteria wa Legionella, wanaoweza kusababisha homa ya mapafu, walipatikana katika nusu ya sampuli za maji kutoka koki zenye kihisi, dhidi ya asilimia 15 katika koki za mkono, na hospitali hiyo ikaanza kuziondoa katika maeneo ya wagonjwa. Kwa ofisi yenye fundi wa kudumu, koki yenye kihisi ya lita 1.3 ni chaguo zuri. Kwa jengo lisilo na matengenezo ya uhakika, naipendelea koki ya kubonyeza.

Nyota na lita si lugha moja

Mnunuzi akikuta bidhaa zenye lebo ya WELS, lebo ya Australia inayoonyesha matumizi ya maji ya kifaa, atakutana na mfumo usiogawanya binafsi na umma. Koki hupewa nyota kulingana na mtiririko: nyota tatu kwa zaidi ya lita 7.5 hadi 9, nyota nne kwa zaidi ya 6 hadi 7.5, nyota tano kwa zaidi ya 4.5 hadi 6, na nyota sita kwa lita 4.5 au pungufu. Namna za upimaji hazifanani kabisa na zile za Marekani, lakini kwa makadirio koki ya lita 8.3 ingepata nyota tatu na ile ya WaterSense nyota tano. Koki ya nyota sita yenye lita 4.5 ni bora kabisa kwa nyumba, lakini ikifungwa katika choo cha umma inatoa zaidi ya mara mbili ya lita 1.9 zinazoruhusiwa na LEED. Nyota nyingi hazitoi ruhusa ya kusahau sinki liko wapi.

Presha inayopatikana kweli

Namba nyingi za mtiririko nilizotaja zinatokana na presha ya psi 60, na majengo mengi hayana presha hiyo. Mtiririko wa tundu lisilo na kidhibiti hupungua kwa kipeuo cha pili cha presha: presha ikishuka hadi robo, mtiririko hushuka hadi nusu. Tangi lililo mita 3 juu ya koki linatoa takriban bar 0.3 tu. Hapo koki iliyoandikwa lita 8.3 itatoa karibu lita 2.2, ya lita 5.7 itatoa 1.5, na ya lita 1.9 itatoa nusu lita kwa dakika, ambayo haisuuzi sabuni kwa muda wowote wa maana. Kidhibiti cha mtiririko kinachojirekebisha husaidia presha inapokuwa juu, kwa kuwa huzuia maji kuzidi kiwango, lakini hakiwezi kuongeza presha ambayo haipo. Jengo linalotegemea tangi la chini lichague koki zenye namba kubwa zaidi, kisha lithibitishe kwa kupima: fungua koki hadi mwisho, kinga maji kwenye chombo chenye alama za ujazo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kipimo hicho cha ndoo kina uzito kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Masinki yasiyoingia katika hesabu hii

Sinki la wafagizi, la maabara na la kuoshea vyombo huhitaji ujazo, na ndoo ya lita 10 ni lita 10 kwa koki yoyote. Yasichanganywe na ya kunawia katika hesabu ya akiba. Masinki ya kunawia ya wauguzi na madaktari katika maeneo ya matibabu yaamuliwe na wataalamu wa kuzuia maambukizi kabla ya mtu wa mazingira kusema neno, na mara nyingi hao hukataa vichujio vinavyochanganya maji na hewa, kwa sababu hukusanya uchafu na vimelea. Hutumika badala yake midomo inayotoa maji yaliyonyooka bila hewa.

Orodha ya vifaa vya jengo iandike kwa kila sinki chumba lilipo, kundi lake, sababu ya kundi hilo kwa sentensi moja, mtiririko au ujazo kwa mzunguko, na presha iliyopimwa. Pamoja na orodha hiyo, msimamizi wa jengo akabidhiwe akiba ya vichujio vya mdomoni vya kipimo kilekile. Kichujio cha lita 1.9 kikiziba kwa chokaa, fundi asiye na mbadala wake hufunga chochote alichonacho, na mara nyingi hicho ni cha lita 8.3, ambacho huingia kwenye uzi uleule bila mtu yeyote kugundua hadi bili ya maji ije.